Hongera, Mteuzi wa Linux

Watu wa Garissa wana pupa mbaya. Mtu huingia soko la mifugo asubuhi, akamkagua ngamia meno, akampapasa nundu, na kabla ya adhuhuri ameshalipa. Ngamia mzima! Mali ya mahari, uamuzi wa saa tatu.

Jirani yangu ni mstaarabu zaidi. Mwaka wa tatu huu anachagua Linux ya kuanzia, na kompyuta yake bado imefunikwa leso, vumbi lisiiguse. Alitaka Ubuntu, ile iliyotoka 2004 na ambayo jina lake ni utu wetu huu huu. Wajuzi wakamwambia hiyo ya watoto. Akageukia Mint, wakamfunulia kwamba imezaliwa na Ubuntu, nayo Ubuntu ikazaliwa na Debian ya 1993. Msomali hababaishwi na nasaba: akaketi, akahesabu mababu hadi kwa Torvalds, mwanzilishi wa Linux yenyewe, 1991. Sasa amesikia Arch ndiyo ya wanaume, kwa kuwa kila kitu unajiwekea mwenyewe, kama mteja wa hoteli anayekabidhiwa mbuzi hai na kisu.

Tena zote ni za bure, ukikosea unafuta na kuweka nyingine jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana umakini unahitajika sana.

Wajuzi hao Mungu awaweke. Kwa sasa barua zake za kuomba kazi anachapiwa saiba, kwenye Windows ya kunakiliwa ambayo pale hakuna hata mmoja anayekumbuka kuichagua.