Mji Mpya Upo Njiani

Pembeni mwa Kibada, Kigamboni, pale viwanja vilivyopimwa vinapoishia na vile vya kuuziana kwa karatasi ya serikali ya mtaa vinapoanzia, kuna msingi wa nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Ulijengwa 2008. Nondo zake zimeshika kutu, na mbuzi wa jirani huja kujikunia. Karibu yake kuna mwembe mkubwa na bikoni ya zege iliyofukiwa hadi shingoni. Nilikaa kivulini kumsubiri dalali. Dalali wa Dar akikwambia "nipo njiani, dakika mbili", unapata nafasi ya kusikia hata zege likisema. Mara akatua kunguru.

KUNGURU: Hodi wenyewe! Shikamoo, Bibi Mwembe.

MWEMBE: Marahaba, mjukuu wangu. Umetoka wapi na harufu hiyo?

KUNGURU: Feri, kwenye utumbo wa samaki. Nimevuka bure, Bibi. Chini yangu watu wamebanana kwenye pantoni, na upande wa Kurasini magari yamepanga foleni yalipie daraja. Mita 680 tu zile! Mimi nazimaliza kwa milio mitatu, na sidaiwi risiti.

BIKONI: Ndiyo shida ya wahamiaji. Huna namba, hulipi, halafu unajisifu. Mimi nina namba. Niliwekwa hapa na mradi wa viwanja 20,000, ule ulioanza 2002. Kwa mujibu wa ramani, mji unaanzia kwangu.

MSINGI: Mheshimiwa, si jana tu watoto wamekunolea panga kichwani?

BIKONI: Huo ni ushirikishwaji wa wananchi.

KUNGURU: Mhamiaji? Sikiliza, bwana zege. Babu zangu waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Mpango rasmi kabisa! Ila waliopanga walisahau kwamba kunguru anataga. Tukavuka, tukajaa Dar, na baadaye ukaja mpango mwingine, wa kutulisha sumu. Ndiyo maana nikisikia neno "mpango", huwa nahesabu wanangu kwanza.

MSINGI: Afadhali wewe mpango wako ulitekelezwa. Mimi zege langu halijakauka sawasawa, linatoka tangazo: hapa panakuja Mji Mpya wa Kigamboni. Usijenge, usiendeleze, usiuze. Miaka miwili tu, wakasema. Ile miwili ikazaa mingine.

BIKONI: Katazo lilikuwa la lazima. Huwezi kupanga mji huku watu wanaendelea kuishi.

(Mstari huo niliuandika kwenye kiganja, maana sikuwa na karatasi.)

MWEMBE: Mimi nilisikia vyote kwa sababu mikutano iliitishwa kivulini kwangu. Kata zilitajwa kama majina ya maharusi: Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema, Kibada, na kipande cha Somangila. Zaidi ya hekta 6,000. Zikaja picha za maghorofa ya vioo, barabara pana kama kiwanja cha mpira, na watu wanatembea na vimbwa vyeupe. Nilitafuta mwembe kwenye zile picha hadi nikachoka. Kulikuwa na mitende tu, imepangwa mstari.

KUNGURU: Kivuli cha mtende, Bibi, mnakaa kwa zamu.

MSINGI: Waliochora ni kina nani?

KUNGURU: Safari hii Wakorea walitia mkono. Ramani ya jiji ya 1949 ilichorwa na kampuni ya Uingereza. Ya 1968 ilichorwa na kampuni ya Toronto, na ya 1979 ikarudi Canada hukohuko.

MWEMBE: Toronto ndiyo wapi?

KUNGURU: Mahali ambapo mwembe hauoti, Bibi.

MWEMBE: Basi nimeelewa.

BIKONI: Msipotoshe. Wananchi waliahidiwa fidia. Sheria ya Ardhi ya 1999 iko wazi: fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Tena mnasahau kuna posho ya usumbufu.

MWEMBE: Kamili, Haki na Wakati. Nikakaa nawasubiri hao ndugu watatu, nione nani atatangulia. Mwaka wa kwanza nikasema labda wamekwama kwenye pantoni. Daraja likafunguliwa Aprili 2016, sikuwaona hata kwa gari. Na hilo la kuthaminiwa nalo, mjukuu wangu, lina mambo yake. Mwembe unaozaa una bei yake, mche una bei yake. Kivuli hakina safu kwenye fomu.

MSINGI: Mwenye nyumba wangu alikuwa anakuja kila sikukuu. Anasimama hapa mikono nyuma, anahesabu hatua. "Hapa sebule. Hapa choo cha ndani. Hapa chumba cha mtoto." Mtoto mwenyewe alikuwa darasa la kwanza, anarukaruka juu yangu kutoka chumba hadi chumba, anagonga mlango ambao haupo. Akimaliza, wanafunga gari wanarudi kwenye nyumba ya kupanga Mbagala. Mke wake ndiye aliyekuwa na akili: akapanda mchicha sebuleni. Akaulizwa, wewe huogopi katazo? Akasema mchicha sio maendeleo.

KUNGURU: Na yule mtoto?

MSINGI: Ameolewa. Mwaka jana alikuja na wa kwake mgongoni, akamwonyesha chumba chake.

(Hapo hata kunguru alinyamaza kidogo.)

BIKONI: Lakini katazo liliondolewa! Wakala wa mji mpya ulivunjwa, Kigamboni sasa ni manispaa yenyewe. Angejenga.

MSINGI: Katazo lilipokwisha, mheshimiwa, na hela ilikuwa imekwisha. Ile ya tofali ilikwenda kwenye ada, ya bati ikaenda hospitali. Ukimwambia mtu asijenge, huwezi kumwambia na mtoto asikue.

KUNGURU: Jamani, kwani tatizo ni nyumba? Nyumba zipo! Njooni kule kando ya bahari, Dege. Zilipangwa zaidi ya 7,000, kwa fedha ya mfuko wa hifadhi ya jamii, jasho la wafanyakazi. Mwaka 2016 mafundi wakashuka jukwaani, basi. Maghorofa yamesimama kama meno ya bandia ndani ya glasi: yamepangika, lakini hayajatafuna kitu. Mimi na popo ndio wapangaji. Upepo mzuri, bahari mbele, kodi hakuna. Umeme tu ndio sijaunganishiwa.

MWEMBE: Wazaramo walikuwa waungwana zaidi. Hapo mbele kuna mahali palikuwa kijiji cha ujamaa, panaitwa Gezaulole. Kwa Kiswahili chenu: jaribu uone. Angalau wao waliweka tangazo mlangoni.

BIKONI: Mnabeza kila kitu. Haya niambieni, bila mpango uchumi utakaa wapi? Kwenye ramani eneo la biashara lina rangi yake, makazi rangi yake, viwanda rangi yake.

KUNGURU: Mimi naruka juu ya mji huu kila siku na hizo rangi sijaziona. Ninachoona ni fremu. Mtu akijenga nyumba, ukuta wa mbele anautoboa fremu mbili: moja ya saluni, moja ya wakala wa pesa za simu. Mtaa mzima ni sokoni halafu sokoni pana vitanda nyuma.

MSINGI: Na kile kijiwe hapo njiani?

KUNGURU: Mama lishe kaweka jiko pale kwa sababu bodaboda wanasimama pale. Bodaboda wanasimama pale kwa sababu ya kivuli cha Bibi. Muuza vocha kaja kwa ajili ya bodaboda, fundi viatu kaja kwa ajili ya foleni ya chai, na dalali kaja kwa sababu wote wanajua nani anauza nini.

MWEMBE: Kumbe mimi ndiye eneo la biashara!

BIKONI: Hapana, Bibi. Wewe umo ndani ya hifadhi ya barabara. Njia ikipanuliwa utapisha mtaro.

MWEMBE: Na huo mtaro utachimbwa lini?

BIKONI: Mchakato unaendelea.

MWEMBE: Basi nitatoa maua tena.

BIKONI: Ila mkae mkijua, bila sisi bikoni mngeuana kwa mipaka. Kuna watu wameuziwa kiwanja kimoja mara tatu hapahapa.

Hilo, kwa haki, hakuna aliyempinga. Nami nilikuwa naliwaza hilohilo. Nimeona mtaa uliojengwa bila kipimo, ambako jeneza linapitishwa juu ya ukuta kwa sababu uchochoro haulitoshi, na gari la zimamoto linaishia barabarani king'ora kikilia. Bikoni ana majivuno, lakini kazi yake ni ya kweli. Kosa lake ni kudhani akishafukiwa yeye, mji umeshajengwa.

Dalali alifika kwa bodaboda baada ya saa moja na nusu. Kunguru akaruka kuelekea Dege.

"Bosi, ndicho hiki," akasema, akiukanyaga ule msingi kwa kisigino. "Msingi tayari, ni kupandisha tu. Mwenyewe kachoka."

Nikamuuliza kama kimepimwa.

"Upimaji upo njiani. Bikoni si ile pale? Umebakiza hatua ishirini uwe mjini."

Nikamwambia nitafikiria. Akanikumbusha hela ya usumbufu, nikampa shilingi 20,000. Ndiyo posho pekee ya usumbufu iliyolipwa kwa wakati pale Kibada siku hiyo.