Shangazi wa Keria Anajibu

*Shangazi, shikamoo. Kila Jumapili naendesha baiskeli na kundi kutoka Mwenge hadi Bagamoyo. Nimefunga keria, na juu yake nimekaza dumu la maji la lita 5 kwa mpira. Wenzangu wananicheka eti wanaume wa Tour de France hubeba chupa mbili tu. Nifanyeje?*
*Mzee wa Dumu, Sinza*

Marahaba, mwanangu. Hao wanaokucheka waulize gari lao liko wapi. Mwanamume wa Tour de France hubeba chupa mbili kwa sababu nyuma yake kuna gari la timu lililosheheni chupa, barafu na mtu wa kumkaripia. Nyuma ya wenzako kuna daladala. Na huko Ufaransa kwenyewe mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Miaka ya 1960 kanuni zilibana maji, waendeshaji wakawa wanavamia baa za kandokando ya barabara, wanakwapua soda, bia, hata mvinyo, wanarudi mbioni bila kulipa. Mwaka 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka akafa katika joto kali kwenye Mlima Ventoux. Dawa za kusisimua mwili zilichangia, lakini enzi hizo mtu aliruhusiwa chupa nne tu kwa siku nzima ya mashindano.

Kwa hiyo kiu yako naiheshimu. Dumu silitetei. Lita 5 ni kilo 5, zimekaa juu ya gurudumu la nyuma, na maji hayatulii: ukisimama kwenye pedali kupanda kilima, yenyewe yanakwenda kushoto wewe ukienda kulia. Nunua vishikio viwili, vifunge ndani ya fremu, chini katikati, uweke chupa za mililita 750. Hiyo ni lita moja na nusu, na kwa jasho la Dar itaisha ndani ya saa mbili. Maji mengine yapo njiani, Bunju, Mapinga na Kerege, kwenye friji za wenye maduka. Wewe beba hela, tena uzifunge vizuri, maana noti iliyolowa jasho la mgongoni muuzaji huishika kwa ncha za vidole. Chupa moja itie chumvi kidogo na sukari. Ukinywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi, chumvi ya damu inashuka, unaanza kutapika na kuumwa kichwa huku ukilisingizia jua.

Na umenieleza habari za dumu, hujataja tyubu ya akiba wala pampu. Pancha ikikupata Zinga utaipuliza kwa mdomo?

*Shangazi, mume wangu amejaza friza chupa za baiskeli. Samaki wangu hawana pa kulala.*
*Mama Samaki, Tanga*

Mpe nafasi ya chupa mbili, basi. Azijaze nusu na kuzilaza, asubuhi aongezee maji ya kawaida. Chupa iliyojaa ikiganda hupasuka, na hata isipopasuka, saa nzima ya kwanza atakuwa anafyonza plastiki.

*Shangazi, niko kwenye timu huku Eldoret. Kila mashindano kocha hunituma kwenye gari la timu nikawaletee wenzangu maji. Mchumba wangu anauliza mbona sijawahi kushinda.*
*Punda wa Timu*

Mwanangu, hiyo ni kazi ya watu, na ngumu kuliko ya huyo anayepigwa picha. Chupa 7 za nusu lita ndani ya shati ni kilo tatu na nusu mgongoni, baridi inakupenya hadi kiunoni, halafu ukimbize kundi ambalo halijakusubiri. Mchumba akitaka kujua, mwambie azivae jikoni apande nazo ngazi.

Wapo wanaoishikilia chupa wanayopewa kwenye dirisha la gari sekunde mbili zaidi ili gari liwavute mita chache. Waamuzi wanaujua mchezo huo, wanakutoza faini, na ukizidi wanakutoa mbioni. Mimi sikushauri. Nasema tu kwamba kwenye kona, gari la waamuzi likiwa mbele, wanaona kidogo.