Hispania Haina Choyo

Nani kasema Wahispania walikuwa wanyang'anyi? Moctezuma wa Pili, mfalme wa Waazteki, alikufa mwaka 1520 akiwa mateka wao; mwaka uliofuata wakautwaa na mji wake, Tenochtitlan. Lakini hawana choyo hata kidogo! Mwaka 1627 Mfalme Felipe wa Nne alimtunuku kitukuu wa marehemu cheo cha Conde de Moctezuma, na mwaka 1865 Malkia Isabel wa Pili akakipandisha kuwa Duque. Mexico huru nayo, yenye kujivunia kufuta vyeo vya kifahari, ikaendelea kuwalipa warithi hao pensheni hadi miaka ya 1930. Aliyebeba mawe ya hekalu, kisha akayabeba tena kujengea kanisa, anaombwa avumilie: jalada lake bado linashughulikiwa.