Jinsi ya Kuchonga Kipuri cha Angani Ukiwa Kigali

Mwongozo huu ni wako wewe kijana wa Kigali uliyesomea uhandisi wa mitambo, unayetaka kuchonga vipuri vya ndege na setilaiti kwa mashine inayoongozwa na kompyuta (CNC), na ambaye kila harusi shangazi anakushika mkono na kukuuliza: "Mwanangu, hiyo kazi yako hasa iko wapi?" Swali lake ni la haki. Jiji letu halina kiwanda cha kuunda ndege. Kazi ya kuanzia ipo hata hivyo, na hatua zake ni hizi.

Hatua ya 1: Mjibu shangazi kwa ushahidi

Usimwambie habari za ndoto. Mwambie kwamba tangu Oktoba 2016 droni za Zipline zinaruka kutoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, na baadaye kituo cha pili kikafunguliwa Kayonza. Mwambie kwamba mwaka 2019 setilaiti ndogo ya RwaSat-1, iliyoundwa na wahandisi wa Rwanda pamoja na Chuo Kikuu cha Tokyo, ilirushwa kutoka Japani na kuachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Uganda ikafuata na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, Kenya na Taifa-1 Aprili 2023. Vyombo vya namna hii huhitaji fremu, vishikio na mabano ya chuma. Kila bano la kuchongwa lilikuwa bonge la chuma kabla mtu hajaliandikia programu ya kulichonga. Mtu huyo ndiye wewe.

Hatua ya 2: Achana kwanza na injini ya jeti

Kila kijana anataka kuanza na panga za injini. Anza na kisanduku. Mwaka 1999 vyuo vikuu viwili vya California, Cal Poly na Stanford, viliweka kipimo cha setilaiti ndogo iitwayo CubeSat: mchemraba wa sentimita 10 kila upande. RwaSat-1 ilikuwa na urefu wa michemraba mitatu. Kanuni za CubeSat ziko wazi kwa yeyote kuzisoma, na ni mwalimu mkali. Upana unaruhusiwa kutofautiana kwa milimita 0.1 tu. Reli nne za pembeni lazima ziwe za alumini iliyopewa ngozi ngumu kwa umeme, kwa sababu metali tupu zikibanana mahali pasipo hewa zinaweza kushikana zenyewe bila moto. Setilaiti ikinasa ndani ya sanduku la kuiachia huko juu, hakuna fundi wa kuja kuigonga na nyundo. Mashine ya CNC ya kawaida, ikiwa katika mikono makini, inaweza kuzichonga reli hizo.

Hatua ya 3: Chora na jiliwa

Programu itakuonyesha kisu kikipita vizuri juu ya kipuri, lakini inajua tu ulichoichorea. Usipochora jiliwa na boliti zake, kisu kitazikuta kwenye mashine, na utausikia mlio huo hadi usingizini. Chora kila kinachosimama mezani. Pima urefu wa kisu chenyewe, usitegemee namba ya kwenye katalogi. Hakikisha sifuri ya mchoro na sifuri ya mashine ni nukta ileile. Kisha inua kisu juu ya chuma na uiache programu ikate hewa tupu kwanza. Dakika hizo unazoona zimepotea ni malipo madogo: chuma kinachopitia bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,400 kwa lori kabla ya kukufikia.

Hatua ya 4: Jua tabia ya chuma

Alumini ni mkarimu: ukiikata kwa kasi, joto huondoka na chenga. Titani ina kinyongo. Haipitishi joto vizuri, hivyo moto wote hubaki kwenye ncha ya kisu. Ikate polepole, imwagie kipozeo kwa wingi, na usikiache kisu kisimame kikiwa kimegusa chuma.

Kuta nyembamba zinahitaji subira ya pekee. Katika vipuri vingi vya ndege, sehemu kubwa ya bonge hugeuka chenga, mara nyingine zaidi ya asilimia 90. Ukimaliza upande mmoja kwanza, chuma kitajipinda kwa mivuto iliyokuwa imejificha ndani yake. Ondoa kidogo huku, kidogo kule, kiache kipumzike, ndipo ukamilishe.

Hatua ya 5: Mtafute mzee wa kerezo

Nenda kwenye karakana za Agakiriro ya Gisozi. Mkute mzee aliyechonga vyuma tangu hujazaliwa, msalimu kwa heshima, kisha nyamaza na usikilize. Yeye hujua kwa mlio kwamba kisu kimechoka, na kwa rangi ya chenga kwamba kasi imezidi. Uhandisi wako bila sikio lake ni nusu. Naye mwonyeshe skrini yako na umweleze kila mstari. Kazi hii ilizaliwa hivyohivyo: John Parsons wa Michigan alitaka kupata umbo sahihi la panga za helikopta, akalitafuta kwa namba, na mwaka 1952 chuo cha MIT kikaonyesha mashine ya kwanza ya kuchonga iliyoongozwa kwa namba. Karakana na hesabu zilikuwa meza moja tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Penda karatasi kuliko sifa

Andika chuma kilitoka kwa nani, kina cheti gani, kilichongwa lini, kwa programu ipi na nani alikipima. Kipande cha kwanza pima kila kipimo kilichomo kwenye mchoro, kimoja baada ya kingine, na uweke matokeo. Sekta ya anga ina kiwango chake cha ubora, AS9100, na moyo wake ndio huu: kila kipuri kiweze kufuatiliwa hadi kilikotoka. Kipuri kisicho na karatasi ni pambo la mezani, hata kiwe kinang'aa namna gani.

Hatua ya 7: Dai kazi

Hatua hii haiko mikononi mwako peke yako. Shirika la Anga za Juu la Rwanda lipo. Vyuo vya ufundi vipo. Karakana ya FabLab Rwanda ipo. Vijana wanaojua kuandika programu wapo, na mafundi wapo. Kinachokosekana ni oda. Basi ninyi mnaopanga setilaiti ijayo ya Rwanda, wekeni sharti moja kwenye mkataba: fremu ichongwe Kigali, ipimwe Kigali, na ikikataliwa ichongwe upya Kigali hadi ikubaliwe.