Tayari Kuruka, Wamesema

Mtu aliyeandika "tayari kuruka" juu ya boksi la helikopta ya watoto hajawahi kuwa na sebule. Wala mke, wala mtoto, wala majirani wanaosukana barazani. Angekuwa navyo, angeandika "tayari kugombanisha watu", nasi tungejua mapema tunaingiza nini ndani.

Yetu ililetwa na shemeji yangu, anayefuata mizigo Guangzhou na asiyeamini kwamba mtu mzima anaweza kurudi kutoka China bila kuwabebea wapwa zake kitu chenye betri. Kwa hilo simlaumu sana. Mkoa wa Guangdong, iliko hiyo Guangzhou, una mji wa Shantou, na ndani yake kuna wilaya ya Chenghai ambako midoli na vikorokoro vya watoto ndiyo kazi ya wilaya nzima. Ukiwa na nafasi begini utajaza tu. Ninachomlaumu ni kupiga simu kila jioni kuuliza, "Shemeji, imeshapaa?"

Haijapaa. Kwanza inachajiwa. Waya wake una kitaa kimoja chekundu, na hicho ndicho kilichotukosesha amani. Kikiwaka, inachaji au imejaa? Nyaya za aina hii hazina msimamo: nyingine huwaka zikichaji, nyingine huzimika. Yetu huzimika ikichaji na kuwaka ikishajaa, na karatasi ya maelekezo, Kichina upande mmoja na Kiingereza kilichochoka upande wa pili, imeandika kinyume chake. Kuchaji ni kama dakika 40. Kuruka ni dakika 6 au 7. Baada ya hapo betri inatakiwa ipoe kwanza ndipo ichajiwe tena, kwa sababu hizi za lithiamu ukizichaji zikiwa za moto, au ukizisahau usiku kucha, huvimba na hazirudi tena. Sasa mpe mtoto wa darasa la tatu hesabu hiyo uone kama ataipokea. Na hapo sijagusia umeme kukatika dakika ya 38.

Boksi linasema pia kwamba chombo hiki ni cha watoto wa kuanzia miaka 8. Hapo ndipo huwa nashusha miwani. Igor Sikorsky alijenga helikopta yake ya kwanza mjini Kyiv mwaka 1909, ikagoma kunyanyuka. Mwaka uliofuata akajenga ya pili. Hiyo iliweza kujibeba yenyewe, lakini rubani haikumtaka. Akaachana nazo, akaunda ndege za mabawa, akahamia Marekani, na hadi 14 Septemba 1939 ndipo helikopta yake ya VS-300 ilipoacha ardhi kule Connecticut, tena ikiwa imefungwa kamba. Hata mwaka 1940 ilikuwa bado inakwenda kando na nyuma bila tabu, mbele ndiko kulikokuwa na mgogoro. Siku ile ya kamba Sikorsky alikuwa na umri wa miaka 50. Mwanangu ana 8, na mjomba wake anashangaa kwa nini haijapaa.

Tuanze na kuwasha. Helikopta ina kifaa ndani kinachoitwa jairo, kinachohisi ikianza kugeuka bila kuamriwa na kuirudisha mahali pake. Ili kifanye kazi lazima kwanza kijue kutulia maana yake nini. Kwa hiyo unaiweka sakafuni, unaiwasha, kijiti cha moto, yaani cha nguvu za mota, kwenye rimoti kikiwa chini kabisa, halafu unaondoa mikono na kusubiri taa iache kupepesa. Sekunde chache tu. Katika nyumba yangu hakuna kitu kinachoachwa bila kuguswa kwa sekunde chache. Mtoto anaibeba ikiwa bado inajipima, basi jairo linajifunza kwamba kutulia ndiko huko kuyumbayumba mkononi, na safari nzima inarushwa kwa elimu hiyo.

Inafuata kupaa, na hapa ndipo nimegundua kwamba ushauri wote nilioupata maishani hauna kazi. Mke wangu yuko mlangoni: "Taratibu!" Bibi yao yuko kwenye kochi: "Polepole, baba!" Ukiipandisha polepole inaanguka. Upepo unaosukumwa chini na mapanga unagonga sakafu na kurudi ovyo, hivyo urefu wa shubiri moja kutoka chini ndio mahali pabaya kuliko pote. Hapo inayumba, inateleza, inafuata mguu wa meza. Inatakiwa upandishe moto kwa uhakika mpaka ifike magotini, ndipo itulie. Hilo karatasi haisemi. Haisemi pia kwamba ikianguka unakata moto papo hapo, maana mota ikiendelea kuzunguka wakati panga limebanwa chini ya kabati, meno ya gia ndiyo yanayolipa. Mwanangu, akiona inaanguka, huongeza moto kwa huruma.

Halafu pangaboi. Helikopta hii haifiki uzito wa gramu 50, na huwezi kuirusha chini ya pangaboi linalozunguka. Ni Desemba. Ni Dar es Salaam. Kila nikinyanyuka kwenda kwenye swichi, familia nzima inanitazama kana kwamba naenda kufunga bomba la maji la mtaa. Kwa hiyo majaribio yote yamefanyika huku watu wakijipepea kwa magazeti, na kila dakika kuna anayeuliza bado kiasi gani.

Ilipoanza kupaa vizuri, ikaanza kuzunguka kama pia. Ielewe kidogo uone ubaya wake. Panga la helikopta likizunguka upande huu, mwili nao unataka kuzunguka upande ule. Sikorsky aliuzuia kwa kipanga kidogo cha pembeni mkiani. Yetu inafuata njia nyingine, ile inayotumika kwenye helikopta za Kamov za Urusi: mapanga yamepangwa juu na chini, ya juu yanakwenda huku na ya chini yanakwenda kule, nguvu zao zinafutana. Kila jozi ina mota yake. Ukitaka kugeuka, mota moja inaongezwa na nyingine inapunguzwa. Kipanga cha mkiani cha yetu kimelala chali, kazi yake ni kuinua na kushusha mkia ili uende mbele au nyuma. Ni akili kubwa, sibishi. Ila jozi moja ikizembea kidogo tu, chombo kizima kinazunguka pale pale mpaka mtu apate kizunguzungu kwa kutazama.

Rimoti ina kitufe cha kurekebisha hali hiyo. Nikabonyeza mpaka mwisho wake. Ikapunguza spidi, ikaendelea kuzunguka.

Mke wangu akashauri ipelekwe kwa fundi. Fundi simu wa mtaani kwetu ana sifa moja: hakuna kitu atakachosema hakijui. Aliishika, akaitikisa, akatikisa kichwa. "Mzee, si unaona mapanga yamelegea? Ndiyo maana." Nikamwambia nadhani yanatakiwa kulegea. Akacheka na vijana wake. Akakaza skrubu zote nne kwa nguvu ya mtu anayefunga tairi la daladala, akapokea hela yake.

Sasa ikawa inazunguka na kutetemeka. Mapanga yale hulegezwa kwa makusudi: ukiilaza helikopta ubavu, panga linatakiwa lianguke lenyewe kwa uzito wake. Yakianza kuzunguka, kasi huyavuta nje na kila moja likajipanga mstari wake. Ukiyakaza yakiwa yamepinda, yanabaki yamepinda, na mtetemo unapanda mpaka kwenye kile kifimbo cha juu chenye vizito nchani, ambacho ndicho kinachotegemewa kuituliza. Kuzifungua zile skrubu ilikuwa vita. Bisibisi iliyokuja na boksi ilipoteza ncha kwenye skrubu ya kwanza. Bisibisi za nyumbani ni za kufungia milango. Kisu cha jikoni nilikatazwa. Nikaazima ya fundi saa, mzee mmoja anayekaa chini ya ngazi, ambaye alinipa kwa sharti kwamba nifungulie palepale mbele yake.

Ilikuwa pale chini ya ngazi, kwa taa ya simu, ndipo nilipoona chanzo. Kati ya mapanga ya chini na kiunzi, shafti ilikuwa imezungukwa na nyuzi nyeusi, nyembamba, zimekazwa kweli kweli. Rasta. Barazani kwangu husukwa watu kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na mabaki yanaingia sebuleni kwa miguu. Mapanga yanapeperusha kila kilichoko sakafuni, uzi unapanda, shafti inaushika, jozi ya chini inakuwa nzito, ya juu inashinda, chombo kinazunguka. Nikazitoa kwa kibano, nikazileta nyumbani kwenye karatasi kama ushahidi.

Mke wangu akazitazama. "Sasa rasta imefuata nini huko juu?"

Jumapili ikaja familia ya dada yake mkubwa, na mtoto wao akiwa na helikopta ya aina ile ile, kwa sababu shemeji hanunui kitu kimoja. Yetu ilikuwa imekaa chini ya kochi, imewashwa, inasubiri. Mtoto wa watu akapandisha kijiti chake. Yake ikapaa, na yetu ikaanza kurukaruka chini ya kochi peke yake. Bibi yao akakusanya kanga na kutaka kitu hicho kitolewe nje sasa hivi. Nikamweleza kwamba rimoti zote mbili zinatuma mwanga wa infraredi, usioonekana, kama ya televisheni, na zote zimewekwa herufi A; tukihamishia moja B, kila mtu atasikilizwa na yake. Akasema iwe A iwe B, nje.

Nje kuna jua, na jua limejaa huo huo mwanga wa infraredi, tena kwa wingi ambao rimoti ya betri za tochi haiwezi kushindana nao. Mbele ya mashahidi wote ilipanda hadi usawa wa kamba ya nguo, ikaacha kunisikia, ikadondoka ndani ya beseni la mashuka. Ikatolewa, ikakaushwa, ikaruka tena usiku ule ule ndani, pangaboi likiwa limezimwa, imetulia katikati ya chumba bila kugeuka hata kidogo. Hakuna aliyeona. Walikuwa wametoka nje kupunga upepo.

Jana shemeji amepiga simu kutoka Guangzhou. Ameona helikopta nyingine, ya jozi moja ya mapanga, rimoti yake ya redio, jua halina la kuisumbua, mapanga yenyewe yanabadilisha mlalo hewani, na unaweza hata kuirusha kichwa chini. "Wewe si umeshakuwa fundi, shemeji?"

Nimemwambia sitaki kuiona mlangoni kwangu. Kisha nikamuuliza kama inakuja na bisibisi ya maana.