Meli Tatu, Nambari Moja

Jioni ya juzi, katika gati la Budapest, nilimkaripia mtumishi wa meza asiyenijua, nikala samaki asiyepikwa kwa ajili yangu, nikaagizwa mkate na bibi asiyenihusu, kisha nikashuka ngazi na kumtaka mzee wa Kimarekani, aliyekuwa na mswaki kinywani na taulo kiunoni, atoke chumbani mwangu kwa hiari yake kabla sijaita watu. Yote hayo niliyatenda kwa sauti ya chini na kwa adabu kamili, nimevaa koti na tai. Na yote niliyatenda katika meli isiyo yangu. Meli yangu ilikuwa ya tatu kutoka gatini, imekwisha kuwasha mitambo tayari kuwatembeza abiria kulitazama Bunge la Hungaria lilivyopambwa kwa taa, nayo haikuweza kung'oka kwa kuwa katika ubao wa mapokezi, ambako kila abiria huirudisha kadi yake apandapo, ilipungua kadi moja tu, na kadi hiyo ilikuwa mfukoni mwangu.

Wenzangu wa safari wamekwisha kunihukumu. Hukumu yao niliisikia asubuhi yake wakati wa chai, vijiko vyote viliposita nilipoingia. Mimi nakata rufani. Mshitakiwa wa haki katika shauri hili ni malango ya maji yenye upana wa mita 12, na ili msomaji aamue kwa insafu, sina budi kumweleza jinsi malango hayo yanavyofanya kazi, jambo ambalo, hata lisingekuwa na faida yoyote kwa utetezi wangu, ningalilieleza vivyo hivyo.

Safari yetu ilianzia Nuremberg, mji usiopitiwa na Danube hata kidogo. Meli hufika kwenye Danube kwa njia ya mfereji wa kilomita 171, uliokamilishwa mwaka 1992 kati ya Bamberg na Kelheim, ambao umeuunganisha mto Main na Danube, na kwa hiyo Bahari ya Kaskazini na Bahari Nyeusi. Nia yenyewe ni kongwe mno: mwaka 793 mfalme Charlemagne, yule yule aliyepelekewa ndovu na Harun Rashid wa Baghdad, alikwisha kuwachimbisha watu mtaro katika nchi hiyo, mvua zikanyesha, kingo zikaporomoka, kazi ikaachwa. Taabu ni kwamba katikati pana mlima. Mfereji hauutoboi mlima huo bali huupanda, hata ikafika siku ambapo mimi, mtu wa pwani, niliyelelewa katika itikadi kwamba meli na bahari huwa usawa mmoja, nilijikuta nimesimama sitahani mita 406 juu ya bahari, ng'ombe wakilisha chini ya ubavu wa chombo. Jambo kama hilo mtu huenda akamwuliza kadhi kwanza.

Kupanda huko, pamoja na kushuka upande wa pili, hufanywa kwa malango 16, na katika hayo matatu, la Leerstetten, la Eckersmühlen na la Hilpoltstein, kila moja huinua meli karibu mita 25. Chombo huingia taratibu katika sanduku la zege lililo wazi juu, refu la mita 190. Lango la nyuma hufungwa. Mabaharia hutia kamba katika vigingi vya chuma vilivyomo ukutani, navyo si vigingi vya kukaa mahali pamoja bali huelea, vikapanda sawasawa na maji, ili kamba isikatike wala meli isiyumbe. Nilitazamia ngurumo za mitambo ya kusukuma maji. Hapana. Maji hupandia sakafuni, kwa uzito wake mwenyewe, kimya kabisa, na ukuta wenye utelezi na ukungu wa kijani hushuka mbele ya macho yako mpaka ghafla unaona majani, kisha baiskeli, kisha mtoto akikupungia mkono.

Na hilo silo lililonishangaza zaidi. Ubavuni mwa malango hayo yamejengwa mabirika matatu kwa ngazi, moja juu ya jingine. Meli inaposhuka, maji ya tabaka la juu humwagwa katika birika la juu, ya tabaka la pili katika birika la kati, ya tabaka la tatu katika birika la chini, na sehemu mbili katika tano zilizosalia ndizo tu ziendazo zake. Meli nyingine itakapo kupanda, mabirika hurejesha amana: la chini kwanza, kisha la kati, kisha la juu, na mfereji hudaiwa zile mbili za tano peke yake. Yaani katika mita za ujazo 56,000 hivi zinazohitajiwa kuinua chombo kimoja, sehemu tatu katika tano ni maji yaliyokwisha kufanya kazi hiyo hiyo jana. Bibi mwenye birika moja la maji ya mvua na wajukuu kumi hakudiriki hesabu hii. Nilisimama pale nikiitazama mpaka chakula cha mchana kikaondolewa mezani, wala sikusikitika.

Sasa basi, mtu aundaye meli ya kupita huko hana uhuru wowote. Akizidisha upana, meli haiingii. Akiupunguza, amepoteza vyumba vya kukodisha. Kwa hiyo wote huishia mita 11.4, ikabaki pande mbili nafasi ya shibiri moja na ushei. Urefu nao umekuwa mita 135, kana kwamba wote walipewa kamba moja ya kupimia. Kwenda juu hawawezi, kwa sababu ya madaraja, ambayo mengine yapo mita sita tu juu ya maji, hata chumba cha nahodha chenyewe hukunjwa na kuzamishwa ndani ya sitaha kila daraja likaribiapo, na nahodha akabaki ametokeza kichwa tu, akiuongoza mji mzima wa watu kwa pua na macho. Matokeo yake ni kwamba meli hizi zote ni pacha: nyeupe, ndefu, bapa, zenye ngazi ile ile, zulia lile lile na kengele ile ile mezani pa mapokezi.

Kwamba ni pacha hata wenye meli hawakatai, ndio walionifundisha. Kati ya Straubing na Vilshofen pana kiasi cha kilomita 70 ambako Danube haijafungwa kwa mabwawa, mto unajiendea kama ulivyoumbwa, na mwisho wa kiangazi huwa haba hata meli ikagusa kokoto. Tulipofika Regensburg tuliambiwa kwa tabasamu kwamba maji hayatoshi, na kwamba tutasafirishwa kwa basi mpaka Passau, ambako pacha wa meli yetu anatungoja, abiria wake nao wakiletwa kwa mabasi kuja kuchukua meli yetu. Tukabadilishana njiani. Nilipoingia nikapewa chumba 214, nilichokuwa nacho tangu mwanzo. Juu ya kitanda ilitundikwa nakala ya picha ya Klimt, ile ya wapendanao waliozungushiwa dhahabu, kama ilivyotundikwa kule. Na mwenye mapokezi akanikabidhi kadi akisema hakuna kilichobadilika. Niliyaamini maneno yake. Nani angaliweza kudhani kwamba fundisho lililokuwa la faradhi Passau lingekuwa ujinga Budapest?

Kwa maana miji ya mto huu ina magati machache na meli tele, basi hufungwa ubavu kwa ubavu, mbili, tatu, na abiria wa meli ya nje hupita kati ya ukumbi wa meli ya ndani ili kufika nchi kavu. Kwa ajili hiyo mlinzi wa meli ya ndani hamzuii mtu. Tena, ya ndani itakapo kuondoka, za nje hufunguliwa zikazunguka na kurudi kwa mpango mwingine. Asubuhi meli yangu ilikuwa gatini. Nikaenda mlimani kumsomea Fatiha Gül Baba, darweshi aliyefariki mwaka 1541 Waturuki walipoutwaa mji wa Buda, nikakaa huko kwa utulivu mkubwa, na huku nyuma mabaharia wakazichanganya meli kama karata.

Nilirudi jioni, nikapanda meli ya gatini, nikaketi mahali pangu. Akaja mtumishi na nyama ya nguruwe. Nikamwambia, kwa upole uliochanganyika na masikitiko, kwamba nilikwisha kuwaarifu siku ya kwanza kuwa hiyo siili, nikamkumbusha kwamba mwenzake huandika mambo kama haya daftarini, na kwamba kusahau ni desturi ya wanadamu lakini si mwishoni mwa safari. Kijana yule maskini, ambaye hajapata kuniona maishani mwake, aliinama, akaomba radhi, akaniletea samaki. Nilimsamehe.

Hapo ndipo bibi wa meza ya pili aliponyoosha kidole kwenye kikapu kitupu, bila ya kunitazama usoni, akasema, "Mkate." Nilitazama nyuma yangu, hapakuwa na mtu. Nikatazama ukumbi mzima, nikamaizi kwamba katika meli zile wenye fedha huvaa kaptura na kandambili, na wavaao tai ni watumishi. Nikainuka nikamletea, kwa kuwa nilifunzwa kumhudumia aliyenizidi umri, na kwa kuwa mkate ulikuwa karibu. Hakusema ahsante.

Ya mzee wa mswaki nimekwisha kuyataja. Ninaloweza kuongeza ni kwamba nilimwonyesha Klimt wangu ukutani, akamtazama, akanitazama, akasema kwa povu kwamba Klimt ni wake. Nikaenda mapokezi kushitaki, na kijana aliyekuwa pale, kabla sijafungua kinywa, akanielekeza kwa mkono upande wa tezi: wafanyakazi hupitia mlango wa nyuma. Wakati huo huo jina langu likaanza kutangazwa kwa kipaza sauti, likitamkwa vibaya, kutoka meli ya tatu. Nikavuka meli ya pili katikati ya watu walioshika bilauri, nikaingia meli yangu, abiria zaidi ya mia wakanipigia makofi.

Aibu nyingine za safari hazina uzito huo. Passau tulioneshwa ukutani mwa jumba la mji alama ya gharika ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89, siku ile ile tuliyoshushwa basini kwa kukosa maji. Melk niliteleza katika ngazi za watawa. Dürnstein, ambako mfalme Richard wa Uingereza alifungwa majira ya baridi ya mwaka 1192, kisha akahamishwa kwingine kabla ya kukombolewa kwa fidia, mimi nilizuiliwa mlangoni pa choo kwa kukosa sarafu ya nusu yuro. Vienna nilikuwa na mafua.

Lakini lile la mlango wa nyuma halijanitoka, wala sidhani kwamba nuksani yake ni ya usanifu wa meli. Ili nipande chombo kile nilitakiwa kuonyesha hesabu zangu za benki, barua ya mwajiri, hati ya nyumba na alama za vidole vyangu vyote kumi, na kulipa yuro 90 ambazo, lau ningalikataliwa, zisingalirejeshwa. Kisha nikapewa viza inayoanza siku ya kupanda na kwisha siku ya kushuka, isiyoacha hata siku moja ya kuugua. Wenzangu walivuka Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungaria wamelala, pasi zao zikiwa katika droo. Mkataba uliowapa raha hiyo, nao ni wa Schengen, nchi tano ziliutia saini tarehe 14 Juni 1985, na mahali pa kuusainia palikuwa, naomba niaminiwe, juu ya meli ya abiria ya mtoni, Princesse Marie-Astrid, katika mto Moselle. Mipaka yao ilifutwa melini. Wangu uliwekwa mbele ya ukumbi wa chakula, baina ya meza na kikapu cha mkate, bila ya saini ya mtu.

Nimewaandikia wenye meli nikidai nauli ya sehemu niliyopita kwa basi, na nikiwashauri waipake kila meli rangi yake. Wamejibu leo kwamba masharti ya tiketi huwaruhusu kubadili chombo maji yapunguapo. Kuhusu rangi hawakusema neno. Basi wewe utakayekwenda, usiende mwisho wa kiangazi. Jina la meli liandike kiganjani kwa wino usiofutika. Ukikuta malango ya Hilpoltstein, acha chakula ukatazame. Na tai iache nyumbani.