Mwongozo kwa Mwenye Tanuri na Asiye na Haraka

Kwanza, uza mashine yako ya kuchomelea. Aloi za nikeli zinazofanya kazi kwenye moto wa injini ya ndege, hasa zilizosheheni alumini na titani, hazina urafiki na fundi wa kuchomelea: mshono unapoa vizuri, mnapeana mikono, kisha ukirudishwa motoni unapasuka. Hapa hatuyeyushi kipande hata kimoja. Tunavibana viwili, tunavipasha moto, na kuziachia atomi zivuke mpaka zenyewe.

Kisha sugua. Ukiridhika, sugua tena. Uso unaokuonyesha kila unywele wa ndevu zako bado una mabonde. Osha kwa asetoni, na usiguse kwa kidole, hata kama umetoka kunawa.

Sasa funga kila kitu ndani ya ombwe. Titani ni mpole: ikipata joto la kutosha humeza oksidi yake yenyewe. Ndiyo maana Rolls-Royce huunganisha bapa za titani hivi, halafu huzipuliza kwa argoni zikiwa moto mpaka ziwe mapanga ya feni yenye uwazi ndani. Pasipotakiwa kushikana hupakwa dawa ya kuzuia. (Kumbuka ulipopaka.)

Nikeli yenye kromi na alumini haina upole huo. Utando wake wa oksidi hauondoki kwa kubembelezwa. Hiyo itafutie mshenga, yaani karatasi nyembamba ya nikeli iliyotiwa boroni, uiweke katikati. Huyeyuka mapema, hulowesha pande zote mbili, kisha boroni hupenya taratibu ndani ya aloi na kiungo huganda tanuri likiwa na joto lilelile. Wahandisi wa Pratt & Whitney waliieleza mbinu hii miaka ya 1970. Ni mshenga wa pekee anayeondoka bila kudai chochote, ila ukimharakisha atakuachia boridi katikati ya ndoa, ngumu na nyepesi kuvunjika.

Kwa nikeli: nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, megapaskali chache, saa kadhaa. Bosi akiuliza mbona umeme unakwisha na hakuna kinachotokea, mwambie kazi hii ikienda vizuri ndivyo inavyoonekana. Ukizidisha mbano ili uwahi nyumbani, vipande vitashikana, lakini vitakuwa vimefutuka kando na havitaingia popote.

Mwisho, kagua. Mawimbi ya sauti hupita bila kinyongo hata kwenye nyuso zilizogusana tu bila kuungana, kwa hiyo usiyaamini sana. Kivute kiungo mpaka kikatike. Kikikatikia pembeni, kwenye aloi yenyewe, hongera: kilikuwa imara kabisa. Tengeneza kingine vilevile, na hicho usikivute.